Slem ya Fundi

Kwa miezi minne baada ya rafiki yangu kufa tuliendelea kumgawia karata. Nalisema mapema ili asiyependa habari za namna hii aishie hapa. Hatukuwa wachawi. Tulikuwa watu wazima watatu, mwalimu, bwana shamba na padri, na kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tuliweka karata kumi na tatu mbele ya kiti kitupu. Wazo lilikuwa langu, na lawama nazichukua mimi.

Marehemu alikuwa fundi cherehani. Nitamwita fundi, maana ndivyo nilivyomwita tangu siku alipopata cherehani yake ya kwanza, na yeye aliniita mwalimu hata kabla sijafundisha mtu. Tulizaliwa nyumba za jirani pale Mtendeni, mjini Tabora, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa fimbo moja. Barazani kwa baba yake ndipo tulipojifunza wahedi, mchezo wa karata ambao mji mzima uliucheza. Katika wahedi ree ndiyo kubwa kuliko zote, inafuata saba, kisha mfalme, kisha ghulamu, na bibi yuko chini yao. Ghulamu tulimwita mzungu wa tatu na bibi mzungu wa pili, kwa hesabu ya pointi zao. Mtoto wa Mtendeni aliyajua hayo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kama alikuwa na viatu.

Briji tulifundishwa na padri. Alikuwa mzee wa kigeni wa misheni, aliyekaa Unyamwezini miaka mingi hadi Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Tabora, na fundi ndiye aliyemshonea kanzu. Siku moja alikuja kupimwa akatukuta tunacheza wahedi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alisimama akatazama, mikono nyuma. "Mchezo wenu mzuri," alisema, "lakini bahati inafanya kazi nyingi kuliko ninyi. Nitawaonesha mchezo ambao bahati inafanya kazi kidogo." Mimi nilikasirika papo hapo, maana nilikuwa nafundisha hesabu na nilijiona bingwa. Fundi alicheka tu, akasema, "Tuoneshe, padri, tusije tukafa washamba."

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Mko wanne, wawili wawili, kila mtu anamkabili mwenzake. Kila mmoja ana karata kumi na tatu. Zinatupwa nne nne, mwenye kubwa anakula, mara kumi na tatu. Ila kabla ya kucheza mnanadi: kila mtu anaahidi atakula mara ngapi na turufu itakuwa nini, na aliyeahidi zaidi ndiye anayecheza. Mwenzake analaza karata zake zote mezani, wazi, kisha anakaa kimya mpaka mwisho, na yule aliyeahidi anazicheza za pande mbili. Padri alituambia kwamba kwa lugha ya kwao huyu anayelaza karata anaitwa maiti. Fundi alilipenda sana jina hilo. Kila alipolaza karata zake alijinyoosha kitini, akafumba macho, akasema, "Nisitirini."

Ahadi ya kula mara kumi na mbili kati ya kumi na tatu inaitwa slem. Unaruhusiwa kukosa mara moja tu. Kwa sababu hiyo mwenye slem hatupi karata hata moja kabla hajafikiri: anahesabu anazokula kwa uhakika, anaona ngapi zimepungua, anatafuta itatoka wapi iliyopungua. Mimi nilikuwa nimekula slem tatu. Padri sijui ngapi. Bwana shamba mbili. Fundi hakuwahi kula hata moja, na jambo hilo lilimla yeye.

Shida yake ilikuwa wahedi. Katika briji mfalme anafuatwa na bibi, na ghulamu yuko chini ya bibi. Saba si kitu. Fundi alilijua hilo vizuri kabisa akiwa ametulia. Akishikwa na joto la mchezo, mkono wake ulirudi barazani kwa baba yake, akamtupa ghulamu juu ya bibi akidhani amekula. Mimi pia ilikuwa ikinitokea mwanzoni. Bwana shamba, Mnyamwezi wa upande wa Sikonge aliyelelewa kwa Wamoraviani mbali na karata zote, hakuwahi kukosea hivyo, na alitutania bila huruma.

Tulikuwa tunacheza nyumbani kwa huyo bwana shamba. Ilikuwa miaka ya operesheni ya vijiji, na yeye alipewa nyumba katika kitongoji kimoja kupita Kwihara kidogo, ambacho watu wake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Walipoondoka walibeba milango yao, madirisha, na boriti zilizobebeka. Zilibaki kuta. Nyumba ya bwana shamba ndiyo pekee yenye mlango, na ukikaa ukumbini kwake mbele yako ulikuwa na nyumba kama ishirini zilizokutazama kwa matundu. Kunguru hawakutua pale. Sijui kwa nini. Labda hapakuwa na makombo.

Mimi na fundi tulikwenda kwa baiskeli, padri kwa pikipiki yake. Njia ile ndiyo ya misafara ya zamani, ya kwenda Ujiji. Wazee wa Kwihara walikuwa wanasema wapagazi waliofia njiani hawakuzikwa, walisogezwa tu pembeni mzigo ukagawiwa wengine, na kwamba ukipita peke yako wakati wa jua kali ukasikia mtu anakohoa nyuma yako, usigeuke. Mimi mtu wa hesabu niliwacheka. Lakini pia sikuwahi kugeuka.

Jumamosi yake ya mwisho fundi alipata slem. Alihesabu vizuri, akacheza vizuri, zikabaki karata nne, na pale alipotakiwa kumtupa mfalme juu ya bibi wa padri akamtupa ghulamu. Alipoona bibi anaondoka na karata zake alimgeuza ghulamu kifudifudi. Kisha akasema, "Wallahi sitainuka duniani kabla sijaila slem." Tulicheka sote. Njiani kurudi, tulipoachana, aliniambia, "Mwalimu, ningemtupa mfalme ningekuwa nimemaliza." Nikamjibu kwamba hata mtoto wa darasa la tatu analiona hilo. Ndilo neno la mwisho nililomwambia akiwa na afya.

Jumatatu alianza homa. Alhamisi alfajiri alifariki. Nilishuka kaburini kumpokea mimi na mdogo wake, na uzito wake ulinishangaza, kwa sababu alikuwa mtu mwembamba.

Wiki mbili hatukucheza. Ya tatu tulikutana bila kuambizana, tukakaa kila mtu mahali pake, na kiti kilichonikabili mimi kikawa kitupu. Hapakuwa na mtu mwingine tuliyemjua aliyeweza briji. Bwana shamba akasema basi, tunywe chai tu. Mimi nikazichukua karata nikagawa sehemu nne. Nilisema watu watatu wanaweza kucheza: za nne zinalazwa kifudifudi, tunanadi sisi watatu bila kuziona, na mshindi wa mnada anazifunua zikawa za mwenzake. Padri alinikazia macho. "Kwa maneno mengine," alisema, "tunamnadia fundi." Nikasema ndiyo. Hakukataa.

Na karata zake zilikuwa nzuri. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Sisi tulikuwa tunapata za kawaida, mbaya na nzuri, lakini zile za kiti kitupu kila zilipofunuliwa zilikuwa na ree, zilikuwa na wafalme. Tulizichanganya kwa zamu, tukazikata, tukagawa kwa kuanzia upande mwingine. Bwana shamba, mtu wa kuhesabu mistari ya tumbaku, alisema Jumamosi ya nne, "Hili si la kawaida," akazikusanya karata kama aliyejuta kusema. Siku moja alitoka jikoni na vikombe vinne vya chai kwa mazoea, akaviweka vyote mezani, na hakuna aliyethubutu kukirudisha kile cha nne. Kilipoa pale pale.

Mimi sikuogopa. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Wiki nzima nilikuwa nangoja Jumamosi. Darasani nilikuwa mkali, nyumbani nilikuwa mkali zaidi, lakini nikipanda baiskeli kwenda Kwihara moyo ulitulia, maana nilikuwa nakwenda kumkuta.

Kisha mjane wake akaniita.

Kwetu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Nilikwenda Jumatano baada ya shule. Mama yake fundi alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita ukae." Nilikaa kwenye kigoda, na shemeji yangu alizungumza kutoka nyuma ya pazia la chumba. Nilikuwa namjua mwanamke yule miaka kumi, lakini siku ile sikumwona, na sauti ilikuwa chini sana.

"Shemeji, zimebaki siku nane," alisema. "Kaka yangu anakuja kunichukua nirudi kwetu Ujiji. Nataka uniambie nitatokaje humu."

Sikumwelewa. Nikasema atatoka kwa heri kama wanavyotoka wajane wengine.

"Anarudi," alisema.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Kila Jumamosi, jua likikaribia kuzama. Nasikia anakuja uchochoroni, anasimama mlangoni, anavua makubadhi yake, anayakung'uta vumbi mara mbili. Unajua alivyokuwa akifanya akitoka huko kwenu. Siku nyingine hakuna kitu. Jumamosi tu."

Nikasema huenda ni jirani. Nikasema upweke una mambo yake. Nilisema maneno mengi ya kijinga.

"Mke hamjui mumewe kwa mwendo?" aliuliza.

Nilimgeukia mama yake fundi nikitegemea ataniunga mkono. Yeye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa. "Mimi masikio yangu yamezeeka, sisikii," alisema. "Lakini vumbi nalifagia. Kila Jumapili asubuhi hapo kizingitini, vumbi jekundu la Kwihara. Hapa Mtendeni hatuna vumbi la rangi ile."

Pazia lilitikisika kidogo, nadhani alikuwa amelishika. "Mnafanya nini huko kwa bwana shamba?"

"Tunacheza."

"Watatu?"

Niliangalia miguu yangu.

"Mnamgawia," alisema.

Sikukana. Alilia kidogo, kisha akajikaza. Alisema mumewe hakuwahi kuinuka kwenye kazi ambayo haijakwisha. Kama shati limebaki kifungo kimoja alikula chakula akiwa amelishika. Siku zote za homa alikuwa anataja slem, na kuapa kwamba ataimaliza. "Sasa ninyi mmemwekea kiti," alisema. "Ataondokaje? Mmalizieni hicho kitu chake, shemeji. Kileni, naye awemo. Halafu mzifunge karata mumwache aende. Mimi siwezi kwenda Ujiji naye yuko nyuma yangu, na siwezi kumwacha aje hapa asimkute mtu. Nitakuwa sijatoka eda maisha yangu yote."

Nilimwahidi. Kabla ya siku zake kwisha ilikuwapo Jumamosi moja tu.

Nilipowaeleza wenzangu, bwana shamba alisema yeye ni Mmoraviani na mambo hayo kwao hayapo, kisha akavuta kiti chake mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Padri alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nilitegemea ahubiri. "Mwanamke huyo ameomba jambo dogo," alisema. "Tumpe."

Jua lilikuwa kali siku hiyo na hapakuwa na upepo kabisa. Karata zenyewe zilikuwa zimechakaa, na moja, nne ya uru, ilikuwa imepotea zamani, mahali pake tulikata kipande cha boksi la majani ya chai. Madukani siku hizo hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze karata. Tuligawa mara ya kwanza, takataka. Ya pili, takataka. Ya tatu bwana shamba alinadi kidogo, akala alichoahidi, hatukujali. Ya nne nikaokota zangu nikaona shupaza sita: ree, mfalme, bibi, kumi, tisa na sita. Ree ya kopa na tano yake. Ree ya uru na vidogo viwili. Pau mbili, nane na nne.

Niliahidi kumi na mbili, turufu shupaza. Nilizitaja bila kuona hata karata moja ya upande wa pili, jambo ambalo padri siku nyingine angenigombeza kwalo. Alisema tu, "Napita." Bwana shamba akapita. Padri akaanza kwa kutupa mfalme wa pau, na mimi nikanyoosha mkono nikazifunua karata za fundi.

Nilizipanga mezani moja moja. Ghulamu, nane na nne ya shupaza. Mfalme wa kopa na vidogo viwili. Mfalme na ghulamu wa uru na tano. Ree ya pau na vidogo vitatu. Nilipomaliza nilipeleka kidole kwenye ree ya pau. Padri akasema, "Usiharakishe. Hesabu."

Nikahesabu. Shupaza sita zote zangu. Kopa mbili, ree na mfalme. Uru mbili, ree na mfalme. Pau moja. Kumi na moja. Pau moja ningeipoteza kwa vyovyote, na ndiyo pekee niliyoruhusiwa kuipoteza. Ya kumi na mbili ilitakiwa itoke kwenye uru: ghulamu wa fundi lazima ale, na hawezi kula mpaka bibi wa uru awe ametoka. Bibi hakuwa kwangu wala kwa fundi. Alikuwa kwa padri au kwa bwana shamba, na slem yote ilikuwa hapo.

Mpango ulikuwa mmoja. Nile pau, nimalize turufu zao, nicheze kopa ili niwasome wamebaki na nini, na uru niiache mpaka mwisho. Kisha nitupe ree ya uru kutoka kwangu, halafu karata ndogo kuelekea kwa fundi, nimtazame padri anatoa nini. Akitoa ndogo, nitamtaja ghulamu na kumwomba Mungu. Akimtoa bibi mwenyewe, nitamtaja mfalme, na ghulamu baada yake atakuwa mkubwa. Hakuna cha kufikiri hapo.

Nilicheza hivyo. Ree ya pau ikala. Shupaza mara tatu, turufu zao zikaisha. Ree ya kopa, mfalme wa kopa, na kopa ya tatu nikaikata kwa turufu. Kila nilipotaja karata ya fundi niliisogeza mwenyewe kwa kidole, maana hapakuwa na wa kuisogeza. Nikatupa ree ya uru. Padri akatoa tisa. Bwana shamba akaitupa ile nne ya boksi la chai. Nimekula mara nane. Nikatupa tatu ya uru.

Padri alikaa na karata yake mkononi kidogo. Kisha akaiweka mezani. Bibi wa uru.

Slem ilikuwa imekwisha. Ilibaki neno moja, mfalme, na tungekuwa tumeimaliza sisi wawili, mimi na yeye, kama alivyoapa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho siku zote tatu nilikuwa nakikwepa. Nikisema mfalme, tunafunga karata. Jumamosi ijayo hakuna. Nitapanda baiskeli kwenda wapi? Nilimkasirikia mke wake kwa kutaka aende. Nilimkasirikia yeye kwa kufa kwa homa ya siku nne kama mtu asiye na rafiki. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sikuwahi kumwambia mtu hivyo, na ninaandika sasa kwa sababu nimezeeka na aibu imeniisha.

Niliinua macho kwenye karata zake. Mfalme wa uru alikuwa ametoka kwenye mstari. Kidogo tu, upana wa ukucha, mbele ya wenzake. Sisemi kwamba alisogea. Nasema nilizipanga mimi mwenyewe zikanyooka, mfalme wa uru sikuwa nimemgusa tena, na upepo haukuwapo.

"Ghulamu," nikasema.

Bwana shamba aliguna. Padri hakugusa kitu. "Umesema ghulamu," alisema polepole. "Ulikusudia mfalme."

"Karata iliyotajwa imetajwa. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Leo naruhusu. Rudisha. Sema tena."

"Nimesema ghulamu, padri."

"Kwa nini?"

"Nimezoea wahedi," nikasema. "Nimesahau."

Bwana shamba alitikisa kichwa kwa huzuni. "Watu wa Mtendeni na wahedi yao," alisema, na aliamini kabisa, kwa sababu alikuwa ametuona tukikosea hivyo mara nyingi, mimi na fundi. Nani angeshuku? Padri alinitazama usoni. Alichukua karata nne zile zikiwa na bibi wake juu, akatupa pau, nikakosa mara ya pili. Nilikula kumi na moja. Tulizikusanya, na nilipofika kwa mfalme wa uru nilimwokota bila kumtazama. Tulijua hatutacheza tena. Padri aliondoka bila kunipa mkono.

Nilirudi peke yangu kwa njia ile. Sikusikia kikohozi wala mwendo. Niligeuka mara tatu au nne, kwa makusudi, na nyuma yangu kulikuwa na vumbi la baiskeli yangu tu.

Siku ya pili nilikwenda kwa mjane. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba tumejaribu tukashindwa. Mama yake fundi alikuwa ameukunja mkeka, anapika, na nyumba ilinukia bizari kama nyumba ya watu wenye heri.

"Mlimaliza," alisema shemeji kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani.

"Umejuaje?"

"Jana alikuja. Alisimama mlangoni. Hakuvua makubadhi, hakukung'uta. Alisimama tu, nikadhani anaaga. Halafu akageuka. Nilimsikia mpaka mwisho wa uchochoro, shemeji. Nikalala usiku mzima, mara ya kwanza tangu afe. Mlimaliza, si ndiyo?"

"Tumemaliza," nikasema.

Alinishukuru, akalia, akanishukuru tena. Mama yake fundi alitoka jikoni akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu, kwamba Mungu anilipe kwa niliyomtendea mwanawe. Nilikaa nimeinamisha kichwa mpaka dua ikaisha. Nikaitikia amina.

Alitoka eda, akaenda Ujiji, na baada ya miaka akaolewa akapata watoto. Sikumtafuta. Jumamosi ya kwanza baada ya yeye kuondoka nilimpeleka mke wangu kwa dada yake, nikakaa ukumbini kwangu tangu alasiri. Nilifungua mlango nikaweka kiti. Niligawa karata. Nilikuwa na hakika atakuja kwangu, kwa sababu kule kwingine hakuwa na mtu tena, na kwa sababu mimi ndiye niliyemzuia. Watu wa sala ya magharibi walipita kwenda msikitini wakarudi. Hakuja. Wala Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine, na nilizingoja nyingi.

Mwaka mmoja baadaye nilikutana na padri kwenye barabara ya Kitete. Alikuwa amekonda, anarudishwa kwao. Alisimamisha pikipiki, tukaulizana habari za afya na za mvua. Kisha akaangalia pembeni, mzee yule aliyezika nusu ya watu wa misheni yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, alikuja kwako?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, padri."

Nikaona anaogopa. "Basi yuko wapi?" aliuliza.

Nilimshikia pikipiki akaiwasha.